Nikikaa Kimya Presha Inashuka. Je, Niache Vidonge?

Katika toleo lililopita nilimshauri dada mmoja anayekosa usingizi akae kimya dakika kumi kila usiku, afuate pumzi yake ikiingia na kutoka, asihangaike na kingine. Kumbe nilichokoza nyuki. Wapo wanaotaka kujua kama kutafakari kunatibu presha, wapo wanaoniuliza kama si dini ya watu, na mmoja amenitaka nithibitishe habari za watawa wanaokausha shuka kwa joto la miili yao. Nimechagua barua chache na kuzifupisha. Mimi nimezeekea kliniki ya presha na sukari, kwa hiyo mtaniwia radhi nikikaa zaidi huko.

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 63. Natumia amlodipini kila asubuhi pamoja na kidonge cha kukojoa. Binti yangu aliyeko Ujerumani ameniletea mashine ya kupimia presha, na kwa simu amenifundisha kutafakari. Nikiamka napima, nakaa kimya dakika ishirini, napima tena. Jumatatu ilikuwa 154/92, baada ya kukaa ikawa 139/84. Inashuka kila siku. Mama watoto anasema nimepona, vidonge niachane navyo vinaharibu figo. Unasemaje?
Mwalimu, Muheza

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Vidonge usiache. Hilo liwe limekwisha, sasa tuzungumze.

Hiyo 154 uliipimaje? Nakuona kama niko chumbani kwako: umeamka, kibofu kimejaa, umeketi ukingoni mwa kitanda miguu inaning'inia, umejifunga mkanda ukabonyeza. Kwa mtindo huo hata presha ya kijana itapanda. Inatakiwa uende msalani kwanza, uketi kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zikanyage sakafu, mkono ulale mezani usawa wa moyo, utulie dakika tano bila kuongea na mtu, ndipo upime. Kliniki ilikuwa kawaida kumwona mama ameshuka kwenye daladala, amekimbilia foleni, anafungwa mkanda huku muuguzi anamuuliza habari za wajukuu, naye anazieleza moja baada ya nyingine. Mashine inasoma 168. Ukimwacha kwenye benchi apoe, ukarudia bila maongezi, unakuta 150, na hakuna aliyemfundisha kutafakari. Kwa hiyo katika pointi 15 unazojivunia, sehemu ni ya kukaa tu. Mwaka 1984 mwanasaikolojia wa Marekani, David Holmes, alizipitia tafiti zilizokuwepo akasema wazi kwamba ukimlinganisha anayetafakari na mtu aliyejipumzisha tu, miili yao haitofautiani. Watetezi wa kutafakari walimjia juu, lakini swali lake lilikuwa la haki na bado ni la haki.

Hata hivyo, ipo sehemu ambayo si ya kiti peke yake. Moyo una chembe zake zinazoanzisha mapigo. Zikiachwa bila kuongozwa na neva, moyo wa mtu mzima ungepiga karibu mara 100 kwa dakika. Unapiga 70 kwa sababu neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo ikapita shingoni hadi kifuani na tumboni, inaushika breki wakati wote. Breki hiyo hulegea kidogo ukivuta pumzi na hukaza ukiitoa. Usiniamini mimi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uupate mshipa unaodunda. Vuta pumzi kwa utulivu, kisha itoe polepole sana kupitia mdomo uliobanwa, kama unapuliza chai. Mwisho wa kutoa pumzi, pigo moja hadi jingine litachelewa. Mfanyie mjukuu wako wa miaka kumi na miwili utalisikia waziwazi. Kwa umri wetu sisi tofauti hiyo inakuwa ndogo, lakini ipo. Anayetafakari, hata asiyejua lolote kuhusu neva, kwa kawaida hurefusha kutoa pumzi. Sambamba na hilo, zile neva nyingine zinazobana mishipa ya damu na kuamsha adrenalini mtu akishtuka hupunguza kazi. Mishipa ikilegea, damu inapita bila kusukumwa sana, na mashine yako inasoma namba ndogo.

Jambo hili lilianza kupimwa kwa makini mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana waliokuwa wakitafakari kwa kurudia neno moja walimwendea Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard aliyekuwa akichunguza presha, wakamwomba awapime. Aliwakatalia mwanzoni, daktari wa chuo kikubwa kama kile hakutaka kuonekana anashughulika na mambo ya wayogi, wale watafakari wa India. Hatimaye alikubali, akafanya kazi na Robert Keith Wallace. Walikuta matumizi ya oksijeni yanapungua kwa karibu moja ya sita ndani ya dakika chache, pumzi zinapungua, mapigo ya moyo yanapungua kama matatu kwa dakika. Mapigo matatu tu, Mwalimu. Na presha ya wale vijana haikushuka walipotafakari: ilikuwa chini kabla, ikawa chini wakati huo, ikabaki chini baadaye. Hawakuwa na presha ya kuteremsha.

Sasa kwa watu kama wewe, wenye presha kweli. Tafiti zikikusanywa pamoja, waliotafakari kwa wiki kadhaa hushusha namba ya juu kwa wastani wa pointi nne au tano hivi, na ya chini mbili au tatu. Hiyo ni presha ya siku za kawaida. Yako ya dakika moja baada ya kufumbua macho ni kitu kingine, na haikuambii chochote kuhusu saa nane mchana wakati unagombana na fundi. Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2017 kwamba kutafakari kunaweza kufikiriwa kama nyongeza juu ya matibabu ya kawaida. Juu ya matibabu, si mahali pake.

Kuna mtego hapa ambao umewanasa wagonjwa wengi niliowahudumia. Amlodipini haitoki mwilini haraka. Baada ya siku mbili hivi karibu nusu yake bado iko kwenye damu. Ukiiacha Jumatatu, Jumanne utapima uone shwari, Jumatano shwari, utamwita mama watoto aje aone mwenyewe. Wiki ya pili presha inarudi kimyakimya, na presha haiumi. Wengi nilikuja kuwaona tena mdomo umekwenda upande. Kuhusu figo, mwambie mama, kwa heshima zote, kwamba kinachoharibu figo ni presha isiyodhibitiwa.

Fanya hivi. Kwa siku saba pima asubuhi kabla ya kidonge na jioni kabla ya chakula, kila mara vipimo viwili vilivyopishana dakika moja, kwa utaratibu nilioueleza. Andika zote kwenye daftari, hata zile mbaya. Usipime baada ya kutafakari. Hizo za kujifurahisha zipe ukurasa wake. Wastani wa nyumbani ukiwa chini ya 135/85, peleka daftari kwa daktari, anaweza kufikiria kupunguza dozi. Na endelea kukaa kimya. Pointi tano juu ya dawa si haba, hasa ukipunguza na chumvi.

SWALI: Assalaam alaykum Sista. Mimi kila baada ya swala ya alfajiri husoma uradi na kuvuta tasbihi. Mwanangu alioko chuo aniambia hiyo nayo ni kutafakari, ati kisayansi yatuliza moyo sawasawa na wale wa India. Nilimgombeza, lakini neno lenyewe limenikaa. Je, ni kweli?
Mama, Kibokoni, Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Uradi ni ibada, na nia yake, adabu zake na thawabu zake utaulizia kwa sheikh wako. Mimi nitaanzia shingoni na kuishia kifuani.

Mwaka 2001 daktari wa Italia, Luciano Bernardi wa Pavia, alichapisha vipimo vya watu 23 wenye afya. Aliwasomesha rozari kwa Kilatini, kisha maneno ya Kibudha yanayorudiwarudiwa. Walipokaa kawaida walipumua kama mara 14 kwa dakika. Waliposoma, kwa rozari na kwa yale ya Kibudha, pumzi zilishuka hadi karibu sita, bila mtu kuwaambia wapumue polepole. Maneno yenyewe ndiyo yaliyopanga: Salamu Maria moja, nusu yake ikisomwa na kiongozi na nusu ikiitikiwa, huchukua karibu sekunde kumi.

Sekunde kumi zina maana yake mwilini. Ndani ya mishipa mikubwa ya shingo na ule unaotoka moyoni kuna vihisio vinavyopima msukumo wa damu. Msukumo ukizidi vinapeleka habari kwenye ubongo, moyo unapunguza mwendo. Ukipungua, moyo unaongeza. Kurekebishana huko kuna mzunguko wake, nao ni wa karibu sekunde kumi. Pumzi ikiangukia mwendo huohuo, mizunguko miwili inakwenda pamoja na vihisio vinakuwa makini zaidi. Bernardi alilipima hilo na kulikuta kwa rozari na kwa Wabudha vilevile. Wasomaji wangu Wakatoliki wa Moshi na Songea najua mmeshatabasamu.

Kwa hiyo mama, chukua saa ya ukutani uone. Kama unasoma kwa utulivu, sentensi ndefu kwa pumzi moja, na pumzi zako ni sita au saba kwa dakika, moyo wako unafanya kazi hiyohiyo aliyoipima yule Mtaliano. Ukizikimbiza punje kwa sababu chai inachemka jikoni, thawabu ataamua Mwenyezi Mungu, ila pumzi haitakuwa imeshuka. Mwanao usimgombeze sana. Upande wa mwili ana hoja.

SWALI: Hujambo Sista? Nilifuata video ya mtu anayefundisha kupumua kwa nguvu na haraka mara thelathini, halafu unazuia pumzi. Baada ya muda mfupi vidole vilianza kuchomachoma, midomo ikafa ganzi, mikono ikajikunja yenyewe na nikaona kiwi. Rafiki yangu anasema hiyo ni nguvu ya ndani inafunguka, niendelee.
Mwanafunzi wa chuo, Nairobi

JIBU: Rafiki yako asome biolojia. Kilichofunguka ni mlango wa hewa chafu. Kabla hujaanza, damu yako ilishabeba karibu oksijeni yote inayoweza kubeba, asilimia 97 au 98. Ukipumua kwa fujo huongezi kitu, unachofanya ni kuitoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Damu ikiipoteza hupungukiwa na asidi, kalsiamu iliyo huru inapungua, na neva zinakuwa na wasiwasi. Ndiyo maana midomo inakufa ganzi na mikono inajikunja. Mishipa ya ubongo nayo inajibana, ndiyo kiwi. Wakati wa mitihani tuliletewa wasichana wa bweni wakiwa katika hali hiyohiyo, vidole vimekakamaa, wenzao wanalia kuwa ni mapepo. Tuliwakalisha, tukazungumza nao taratibu, pumzi ikarudi polepole na mikono ikakunjuka yenyewe. Hatukuwafunika pua na mfuko wa nailoni, na wewe usifanye hivyo.

Kinachonitisha zaidi ni kule kuzuia pumzi baada yake. Hamu ya kupumua huamshwa na kaboni dayoksaidi, na wewe umeimwaga. Oksijeni inaweza kushuka mpaka uzimie bila kupata onyo. Ukiwa kitandani utaanguka kwenye mto. Ukiwa kwenye bwawa la kuogelea utazama, na watu wamekufa hivyo. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo na mjamzito wasiguse kabisa. Kama unataka utulivu, ni kinyume cha ulichofanya: polepole, na pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia.

SWALI: Sista, kwenye mafungo ya kanisa tulipewa nusu saa ya ukimya. Kila nikitulia tumbo linanguruma ukumbi mzima unasikia, na mate yanajaa mdomoni. Nilikuwa nimekula. Ni minyoo?
Karani, Dodoma

JIBU: Si minyoo, ingawa ukitaka kupima choo hakuna atakayekuzuia. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Harvard, mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa akiwalisha paka chakula kilichochanganywa na madini yanayoonekana kwenye eksirei, kisha anatazama tumbo likisaga. Aliona kwamba paka akikasirika au akihangaika, tumbo linasimama papo hapo. Akitulia linaanza tena. Ni yeye aliyekuja kueleza, katika kitabu chake cha mwaka 1915, jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia, na Benson miaka mingi baadaye alifanya vipimo vyake katika jengo hilohilo. Mate nayo ndiyo hayohayo: anayehutubia kwa mara ya kwanza mdomo unamkauka, aliyetulia mdomo unalowa. Tumbo lako linakwambia kuwa wewe peke yako katika ukumbi ule ulitulia kweli. Siku ya mafungo punguza maharage.

SWALI: Nimesikia wako watawa wa Tibet wanaofunikwa shuka lililoloweshwa maji ya baridi, wanalikausha kwa kutafakari tu. Sisi huku baridi inatuua. Ni kweli au ni sinema?
Mkulima wa viazi, Makete

JIBU: Ni kweli, ila si kama unavyoifikiria. Benson yuleyule alikwenda Dharamsala, kaskazini mwa India, mwaka 1981, akawapima watawa watatu wanaofanya mazoezi yaitwayo tumo. Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwaka 1982: joto la vidole vya mikono na miguu liliongezeka kwa nyuzi hadi 8.3. Baadaye timu yake iliwapiga filamu wengine wakikausha shuka.

Angalia neno vidole. Asubuhi ya Juni kwenu Makete vidole vinakuwa baridi kwa sababu mwili umebana mishipa yake ili joto libaki kifuani na tumboni. Mishipa hiyo ikifunguka, damu ya moto inafika na vidole vinapata joto haraka. Ni mabadiliko makubwa kwenye kidole, lakini kwa mwili mzima ni kuhamisha joto lililokuwepo, na joto hilo linapotea hewani. Mtu aliye kwenye baridi asiyejua anachofanya akifungua mishipa hivyo angejiumiza.

Swali lililobaki lilikuwa kama wanaweza pia kulipandisha joto la ndani. Mwaka 2013 Maria Kozhevnikov na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa inawezekana: joto la mwili lilifika hadi nyuzi 38.3, ambalo kliniki ningeliandika kuwa ni homa. Lakini hawakukaa tu wakiwaza moto. Wanavuta pumzi, wanaishikilia chini tumboni na kukaza misuli ya tumbo na nyonga kwa nguvu, na misuli ikifanya kazi inatoa joto. Kuwaza miali ya moto ndiko kulikosaidia joto lisishuke mapema. Ni ufundi wa miaka, chini ya mwalimu. Wewe vaa sweta mbili na uchome kuni.

SWALI: Pole na kazi, Sista. Tangu tupate ajali ya basi siwezi kukaa kimya. Nikifumba macho kufuata pumzi, moyo ndiyo unakwenda mbio zaidi, natoka jasho, naona kama nakufa. Wenzangu wanasema sina imani. Nifanyeje?
Mama lishe, Singida

JIBU: Pole sana mama, na wenzako wakukome. Si wote wanaotulia wakifumba macho. Aliyepitia jambo la kutisha, akielekeza akili ndani ya mwili, anakutana na moyo unaodunda vilevile kama siku ile, na mwili unadhani ajali imerudi. Adrenalini inamwagika na moyo unaongeza mbio. Ukijilazimisha unaufundisha mwili kuogopa zaidi.

Acha kufumba macho. Acha pia kufuata pumzi kwa sasa. Chagua kazi yenye mwendo unaojirudia ambayo mikono yako inaijua: kuchambua mchele, kukuna nazi, kukanda unga wa chapati. Macho yawe kwenye mikono, nyayo zihisi sakafu. Au tembea ukihesabu hatua. Pumzi itajipanga yenyewe bila kuchungwa. Kama ndoto za ajali zinakuamsha usiku, au huwezi tena kupanda gari, hilo lina wataalamu wake. Hospitali ya mkoa ulizia kitengo cha afya ya akili, na usione haya kutaja jina la kitengo dirishani.

Usidhani pia kwamba kila moyo unaokwenda mbio ni wa woga. Damu pungufu, tezi ya shingo iliyozidisha kazi, chai ya rangi vikombe sita mbele ya jiko, vyote vinafanya hivyo. Siku uliyotulia, keti dakika tano, hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Yakizidi 100, au yakiwa yanaruka ovyo pamoja na kizunguzungu, funga mgahawa siku moja ukapimwe damu, tezi na moyo. Hiyo usisubiri nikujibu katika toleo lijalo.